Nyama ya kasa: Kitoweo cha siku moja, msiba wa kijiji kizima

Machi 2024, siku chache kabla ya kuanza kwa mfungo wa Ramadhani, Kisiwa Panza kilizika watoto wanane na mtu mzima mmoja. Watu wengine 78 walilazwa hospitali. Wote walikuwa wamekula kitu kimoja: nyama ya kasa. Mtu mzima aliyefariki alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia.

Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Vipimo vya maabara, kwa mujibu wa daktari wa wilaya hiyo, vilithibitisha kuwa waathirika wote walikuwa wamekula nyama hiyo. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipeleka timu ya maafa iliyoongozwa na Hamza Hassan Juma, ambaye aliwasihi wananchi waache kabisa kula kasa.

Haukuwa msiba wa kwanza. Novemba 2021, hapo hapo Pemba, watu saba walifariki baada ya kula nyama ya kasa, akiwemo mtoto wa miaka mitatu. Kati ya matukio hayo mawili ni miaka miwili na miezi michache tu. Watu walilia, viongozi walikataza, kisha kasa mwingine akaingia chunguni.

Kwa msomaji wa Dodoma au Mwanza, swali linalokuja haraka ni: kwa nini walikula tena? Ni rahisi kusema "hawakusikia". Lakini ukitaka kulinda familia za visiwani ni lazima kwanza uelewe namna kisiwa kinavyopata kitoweo chake.

Siku inapangwa na maji

Katika visiwa vidogo vya Pemba, kazi za siku hupangwa na bahari. Maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kinamama na watoto hushuka pwani. Wapo wanaotafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba, wapo wanaookota chaza na kombe, wapo wanaokwenda kwenye mashamba ya mwani kufunga mbegu kwenye kamba au kuvuna. Maji yakijaa wote wanakuwa wamesharudi, na mwani unaanikwa juani.

Wanaume wengi ni wavuvi. Wanatoka na mitumbwi, ngalawa na madau, wakiwa na mishipi, nyavu na madema. Kukiwa na upepo mkali wa kusi, vyombo vidogo hushindwa kutoka siku kadhaa mfululizo. Nchi kavu nako kuna muhogo, ndizi, nazi na mpunga kidogo, ingawa katika baadhi ya maeneo ya pwani ya Pemba maji ya chumvi yameingia kwenye mabonde na kuharibu mashamba.

Mtu wa bara anaweza kudhani familia ya mvuvi hula samaki bora kila siku. Si hivyo. Samaki mwenye bei hupelekwa diko na kuuzwa. Pweza, kamba, nguru na jodari ndio fedha ya mchele, sukari, sare za shule na nauli ya kwenda hospitali. Kinachobaki nyumbani mara nyingi ni samaki wadogo, dagaa, au muhogo wa nazi bila kitoweo chochote. Bahari iko mlangoni, lakini nyama ya kutosha kushibisha watoto wote kwa siku moja haipatikani kirahisi.

Sasa chukulia kasa amenaswa kwenye wavu. Kasa mkubwa anaweza kuzidi kilo 100. Ni nyama nyingi kwa mkupuo mmoja, haijanunuliwa, na haiwezi kuwekwa mpaka kesho kwa sababu nyumba nyingi hazina jokofu. Inagawanywa siku hiyo hiyo. Jirani anapata fungu, shangazi anapata fungu, mjane mwenye mayatima hasahauliki. Kugawana ni tabia njema, na ndiyo iliyovusha visiwa hivi katika miaka ya dhiki. Lakini ndiyo pia inayoeleza kwa nini mnyama mmoja anaweza kulaza karibu watu mia moja: sumu inaingia nyumba nyingi jioni moja, ikiwa imebebwa kwa nia njema.

Sumu isiyo na harufu wala ladha

Wataalamu huita ugonjwa huu kelonitoksimu, yaani kudhurika kwa sumu iliyomo katika mwili wa kasa. Si nyama iliyooza. Si uchafu wa mikono wala wa chungu. Kasa anaweza kuwa hai, mnene na mwenye afya, akachinjwa na kupikwa kwa usafi wote, na bado akaua.

Hadi leo wanasayansi hawajaitambua kwa uhakika sumu yenyewe. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba inatokana na chakula cha kasa: mwani mdogo wenye sumu, sponji na viumbe vingine vya baharini. Kasa mwenyewe hadhuriki. Sumu inakusanyika mwilini mwake, na anayemla ndiye anayeipata.

Ng'amba, kasa mwenye mdomo kama wa ndege na gamba lililokuwa likitengenezewa vitana na mapambo, ndiye anayetajwa zaidi katika matukio ya vifo duniani. Chakula chake kikubwa ni sponji za kwenye matumbawe. Lakini sumu imewahi kupatikana pia katika aina nyingine, wakiwemo kasa wa kawaida wanaokula majani ya bahari. Kwa hiyo kusema "huyu si ng'amba, huyu hana neno" si kinga.

Mambo manne kila mama, baba na mpishi wa visiwani anapaswa kuyajua:

Kwanza, moto hauiondoi sumu hii. Kuchemsha, kukaanga, kuchoma, kubanika au kukausha hakusaidii. Ndimu, siki, tangawizi na pilipili pia hazisaidii.

Pili, haionekani. Nyama haibadiliki rangi, harufu wala ladha.

Tatu, hakuna sehemu ya kasa inayoweza kuhakikishwa kuwa salama. Nyama, maini, mafuta, utumbo na supu vyote vinaweza kubeba sumu.

Nne, hakuna dawa ya kuivunja. Hospitali hutibu dalili: maji ya mishipa, kusaidia kupumua, kulinda figo na ini. Matibabu hayo huokoa maisha, lakini mgonjwa lazima afike mapema.

Katika baadhi ya jamii za wavuvi duniani, watu humrushia kunguru au kumlisha paka kipande kwanza, na mnyama asipokufa wanakula. Njia hii ni ya hatari. Dalili za sumu ya kasa zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi na hata siku kadhaa. Paka ataonekana mzima saa moja usiku, na familia itakuwa imeshakula saa mbili.

"Mbona babu alikula?"

Hili ndilo swali linalowashinda maofisa wengi wanaokwenda kutoa elimu, kwa sababu ni la kweli. Wapo wazee wengi wa pwani waliokula kasa mara nyingi na wakafika umri mkubwa. Ukimwambia mzee wa namna hiyo kwamba kila kasa ana sumu, anajua kuwa si kweli, na kuanzia hapo hakusikilizi tena.

Jibu sahihi ni kwamba si kila kasa ana sumu. Wengi hawana. Tatizo ni kwamba hakuna njia ya kumjua mwenye nayo. Kasa husafiri mbali, hula mahali tofauti, na sumu haifuati msimu wala eneo kwa namna ambayo mvuvi anaweza kuikariri. Aliyechinjwa mwaka juzi katika pwani ile ile alikuwa salama. Wa mwaka huu anaweza kuua watoto wanane. Babu hakuwa na ujuzi wa kuchagua kasa, alikuwa na bahati. Wahenga wenyewe walishasema, sumu haionjwi.

Wala si jambo la Pemba peke yake. Matukio kama haya yameandikwa Madagascar, India, Sri Lanka, Ufilipino na Indonesia. Oktoba 2010, katika kisiwa cha Murilo huko Micronesia kwenye bahari ya Pasifiki, watu 95 waliugua baada ya kula ng'amba na sita wakafariki. Wanne kati yao walikuwa watoto.

Kwa nini watoto hutangulia

Ukilinganisha Kisiwa Panza na Murilo, utaona sura moja: watoto ndio wengi miongoni mwa waliofariki. Mwili mdogo hupata kiasi kikubwa cha sumu kwa kila kilo ya uzito wake, hata kama mtoto amekula vipande vichache tu. Mtoto pia hupoteza maji upesi anapotapika na kuharisha. Anayeishi na upungufu wa damu au utapiamlo ana akiba ndogo zaidi ya kupambana. Wazee na wagonjwa nao wako katika hatari kubwa kuliko wengine.

Lipo jambo jingine ambalo kinamama wengi hawajawahi kuambiwa. Sumu ya kasa inaweza kupita kwenye maziwa ya mama. Imeandikwa katika nchi kadhaa kwamba watoto wachanga ambao hawajawahi kuonja nyama waliugua na wengine kufariki baada ya kunyonya. Mama anaweza kuwa na kichefuchefu kidogo tu huku mtoto wake akizidiwa.

Dalili za kuangalia

Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku kadhaa, na wakati mwingine hufika wiki. Mwanzoni zinafanana na maradhi ya kawaida ya tumbo: kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuharisha, kizunguzungu na kutoka jasho.

Kinachotofautisha mara nyingi ni mdomo na koo. Mgonjwa huhisi kinywa kinawaka au kimekauka, ulimi unakuwa mweupe na kutoka vidonda, kumeza kunakuwa kwa shida, mate yanajaa mdomoni. Katika hatua mbaya mgonjwa analegea, analala usingizi usio wa kawaida, anachanganyikiwa, na hatimaye anapoteza fahamu. Mtoto anayelala kupita kiasi baada ya kula kasa hapumziki. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali wakati huo huo.

Ikiwa mmeshakula

Hapa ndipo muda unapopotea, na mara nyingi sababu ni hofu. Kuvua na kula kasa ni kinyume cha sheria, kwa hiyo familia inaogopa kusema ukweli. Mtoto anafikishwa kituo cha afya, daktari anaambiwa "ameharisha tu", na anatibiwa kama mgonjwa wa tumbo wa kawaida. Mwambie mhudumu wa afya ukweli wote. Kazi yake ni kuokoa maisha.

Chombo cha baharini ndicho gari la wagonjwa la visiwani, na maji yakiwa yamekupwa au upepo ni mkali, safari ya kufika Mkoani, iliko Hospitali ya Abdalla Mzee, hucheleweshwa. Kwa hiyo msisubiri hali iwe mbaya. Fanyeni haya:

Acheni kula mara moja, na wazuieni majirani waliopewa fungu. Mjulisheni sheha ili taarifa isambae nyumba kwa nyumba, usiku huo huo.

Wapelekeni kituo cha afya wote waliokula, hata wasio na dalili, mkianza na watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wazee.

Mama aliyekula asimnyonyeshe mtoto mpaka apate ushauri wa mhudumu wa afya, ambaye pia atamwelekeza namna ya kumlisha kwa muda huo.

Aliye na fahamu na anaweza kumeza apewe maji yenye dawa ya kuongeza maji mwilini kidogo kidogo. Aliyelegea au kupoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Alazwe ubavu ili matapishi yasimpalie.

Msimlazimishe mgonjwa kutapika, wala msipoteze saa kwa maziwa, mafuta au mitishamba.

Hifadhini kipande cha nyama iliyobaki mahali ambapo watoto na wanyama hawafiki. Kitasaidia uchunguzi.

Wengine wa kuwa macho nao baharini

Kasa si kiumbe pekee mwenye hatari. Watoto wa pwani hukua wakimjua bunju, samaki anayejaza tumbo na kuwa kama mpira anaposhtuliwa. Sumu yake hukusanyika hasa kwenye maini, mayai na ngozi, na moto hauiondoi. Dalili huanza na ganzi ya midomo na ulimi, kisha viungo vinalegea na pumzi inakata, na haya yanaweza kutokea ndani ya saa chache. Wapo wanaodai kujua kumsafisha. Kwa familia yenye watoto, bunju arudi baharini.

Tatizo lililo la kawaida zaidi ni samaki mzuri aliyekaa juani. Jodari, nguru, vibua na dagaa wasipowekwa kwenye barafu mapema hutengeneza histamini, kemikali ambayo nayo haiondoki kwa kupika. Aliyemla huwashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga na moyo kwenda mbio ndani ya dakika chache au saa moja. Watu wengi husema "nina aleji ya samaki" kumbe samaki mwenyewe alishinda juani. Chagua samaki mwenye macho maangavu, mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Kama hamna barafu, mpikeni siku ile ile mapema, au mkausheni vizuri kwa chumvi angali mbichi kabisa.

Chaza na kombe waokotwe mbali na maji machafu ya vyoo, na wapikwe hadi waive sawasawa.

Kitoweo salama kwa mtoto kipo

Kumwambia mama "usimpe mtoto kasa" bila kumwambia ampe nini ni ushauri nusu. Bahari hiyo hiyo ina chakula bora, na kingine ni cha bei ndogo. Dagaa wanaoliwa wazima na miba yao hutoa protini, na wana chuma na madini ya chokaa kuliko mnofu wa samaki mkubwa. Mtoto aliyetimiza miezi sita, umri wa kuanza kupewa vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya, anaweza kuchanganyiwa kwenye uji au muhogo uliopondwa unga wa dagaa waliosafishwa, kukaushwa na kusagwa laini.

Tasi, changu na pono wa kuchemsha, mchuzi wa chukuchuku na ndimu, pweza wa nazi kwa wakubwa, choroko au kunde kwa siku ambazo vyombo havikutoka: hivi vyote vinajaza sahani ya kisiwani bila hofu. Familia inayouza pweza wote isisahau kurudisha nyumbani fungu la dagaa kutoka fedha hiyo hiyo. Mtoto anayekula kitoweo kidogo kila siku hamlazimishi mzazi kusubiri kasa wa bahati.

Kasa akiwa hai

Kuna sababu nyingine ya kumwachia kasa aende zake. Wale wanaokula majani ya bahari huyapunguza na kuyafanya yachipue upya, na humo kwenye majani ndimo wanamokulia tasi na samaki wengine wadogo wanaoishia kwenye madema yetu. Ng'amba naye, kwa kula sponji, huyapa matumbawe nafasi ya kukua. Jike hutaga mayai yapatayo mia moja kwenye shimo moja la mchanga, yanaanguliwa baada ya takriban miezi miwili, lakini ni wachache sana wanaofika utu uzima, na huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya ishirini, kabla ya kutaga. Ng'amba amewekwa katika kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Pemba inao mfano wa nyumbani unaoonyesha kuwa mazoea ya kula yanaweza kubadilika. Popo wa Pemba, popo mkubwa mla matunda asiyepatikana popote pengine duniani, alikuwa kitoweo cha watu wengi hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa wamebaki wachache mno. Wanavijiji walikubaliana kuacha kuwawinda na kulinda miti wanayolala. Leo wanahesabiwa kwa maelfu, na katika kijiji cha Kidike wageni hulipa kiingilio kwenda kuwatazama. Katika kisiwa cha Misali nako, ambako kasa hutaga, elimu ya uhifadhi iliwahi kufundishwa wavuvi kwa kutumia mafundisho ya Kiislamu, na ikapokelewa vizuri kuliko makatazo matupu ya maofisa.

Maneno yasemwe wapi

Katazo la redioni wakati wa msiba halitoshi. Kasa hanaswi wakati wa mkutano. Hunaswa alfajiri, mvuvi akiwa peke yake na wavu wake. Uamuzi wa kwanza unafanyika pale: kumfungua na kumwachia. Uamuzi wa pili unafanyika diko, wakati mafungu yanagawanywa, na hapo yeyote anayejua anaweza kusema hapana. Uamuzi wa mwisho uko mlangoni kwa mama anayeletewa fungu.

Kukataa fungu la jirani si jambo jepesi visiwani; laweza kuonekana dharau. Ndiyo maana ni vizuri mazungumzo yafanyike mapema, katika vikundi vya mwani, madrasa, skuli na kliniki ya watoto, ili siku likija, mama aseme kwa upole kwamba nyumba yake haili kasa, na jirani asishangae. Watoto nao waambiwe wazi, kwa sababu wao hula kwa shangazi, kwa bibi na kwa rafiki bila kuuliza ni nyama gani. Mtoto wa miaka sita anaweza kufundishwa kuuliza. Na akijibiwa kuwa ni kasa, ajue kurudi nyumbani na njaa yake.